Chura wa Kihansi
Katika korongo la Kihansi, milimani Udzungwa, aliishi chura wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto kamili, na ambaye maskani yake yote duniani yalikuwa hekta 2 hivi za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa kuendesha mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika, hata mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hayupo tena. Umeme twauhitaji, sina ubishi. Lakini kiumbe huyo aligunduliwa 1996, ujenzi ukiwa umekwisha anza, nami nashikilia kwamba uchunguzi wa viumbe sharti utangulie idhini. Lau wasingalichukuliwa mia kadhaa wakalelewa Marekani, wasingalikuwapo wa kurejeshwa korongoni mwaka 2012, wanyunyiziwe maji kwa mabomba.