Uvutano wa Dunia si Punda

Nataka kuyapinga maneno yasemwayo sana siku hizi na vijana wetu waendao Dar es Salaam, nao wakirudi kijijini huyasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona. Katika vyumba vya gemu vilivyo nyuma ya maduka ya Kariakoo huendesha vyombo vya angani visivyotoa moto wala moshi. Kijana abonyeza kidude, mbingu yakunjwa kama mkeka, na chombo kimefika nyota ya mbali. Ukiwauliza chaendeshwa na nini, hujibu, "Na uvutano." Mpaka hapa sina neno, maana ni mchezo. Neno langu ni kwao wasemao ya kuwa mtambo huo upo kweli, ila wakubwa wa Ulaya na Marekani wameuficha ili tuzidi kununua petroli.

Nasema hawa hawakuutazama uvutano hata siku moja, ingawa umewashika miguu tangu kuzaliwa.

Twendeni Mtaa wa Msimbazi asubuhi, tumtazame mchukuzi na mkokoteni wake wa viazi. Mkokoteni waenda mbele kwa sababu unyayo wake wasukuma ardhi nyuma; mwaga mafuta barabarani, akose pa kukanyaga, na nguvu zake zote ni bure. Ndiyo sheria aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687. Mvuvi husukuma maji nyuma kwa kasia, na roketi hutupa moshi wake nyuma. "Lakini mkokoteni huteremka wenyewe!" Naam, na nani aliupandisha? Uvutano hurudisha kile kile kilicholipwa wakati wa kupanda, wala hauongezi hata senti. Tena punda hugeuzwa kichwa akaenda utakako. Uvutano hauna hatamu.

Wajuao zaidi watanitajia Voyager 2. Vema, na tuitazame. Chombo hicho kilirushwa mwezi wa Agosti 1977, kikapita karibu na Mshtarii, ndiyo Jupita, mwaka 1979, na Zohali mwaka 1981, kikaongezewa mwendo hata kufika Neptuni mwaka 1989. Uvutano ulikisaidia kweli. Walakini mwendo ule ulitoka wapi? Ulitoka kwa Mshtarii yenyewe, ambayo hulizunguka jua kwa kasi ya kilometa 13 hivi kila sekunde. Chombo kilipoongezewa, sayari ilipunguziwa, ingawa kwa kadiri ndogo isiyopimika. Ni kama mtoto adandiaye nyuma ya lori. Na kabla ya kudandia, roketi kubwa iliunguza mafuta mengi ili kukitoa duniani. Hata huku kwetu, satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, kwa moto wa roketi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba watunga michezo hawajidanganyi kama wachezaji. Katika mchezo uitwao Starfield, uliotoka mwaka 2023, mtambo wa uvutano hutaka heli-3 kwa mafuta. Na hadithi yenyewe yasema majaribio ya mtambo huo yaliiondolea dunia kinga yake ya sumaku, hewa ikapotea, watu wakahama. Vijana hurukia nyota, wakaiacha sura hiyo.

Mtasema, mwalimu, kosa dogo hili lamdhuru nani? Lamdhuru yule aliyezoea kuamini ya kuwa kitu chaweza kutoka pasipo kitu. Tulimwona mwaka 2009, ilipozuiwa DECI, ambapo watu walipanda "mbegu" ya fedha wakingoja mavuno, na mavuno yenyewe yalikuwa fedha za waliojiunga nyuma yao. Laiti wangaliuliza swali la mkokoteni, nani aliupandisha?

Wako wazee watakao gemu zote zipigwe marufuku. Siwaungi mkono. H. G. Wells aliandika mwaka 1901 juu ya kitu kizuiacho uvutano, wala hakuna aliyedhurika. Tena uko mchezo uliotungwa Meksiko, Kerbal Space Program, ambao mchezaji asipohesabu uzito na mafuta, chombo chake huanguka mbele ya macho yake. Mwenye kompyuta katika kijiji na auweke, awaite watoto, na awaache waangushe vyombo hata usiku uingie.