Muulize Aliyekwisha Pita Njia Hiyo



Juma lililopita alikuja ofisini mama mmoja kutaka cheti cha ubatizo cha mtoto wake. Nikafungua kitabu, nikaandika, nikapiga muhuri, nikampa. Akashukuru, lakini hakuondoka. Alikaa pale benchini akiikunja ile karatasi na kuikunjua, hata nikaogopa itachanika. Nikamwuliza, "Mama, liko neno jingine?" Akatazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nesi wa zahanati ameniambia nije kwako. Anasema wewe unaufahamu ugonjwa wa siki."

Nikainuka, nikafunga mlango.

Ugonjwa wa siki! Hilo ndilo jina walilolipa akina mama wa kwetu. Wauguzi walipokuja kupima, walimpaka kila mama siki kwenye mlango wa kizazi, na aliyeonekana na doa jeupe aliambiwa aende hospitali ya wilaya akatibiwe. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Aliambiwa aende baada ya juma moja. Juma hilo lilikuwa limepita, na mengine saba juu yake, naye hakumwambia mtu yeyote, wala mumewe, wala mama yake mzazi. Usiku hakupata usingizi. Alikwisha kuanza kuhesabu moyoni ni nani atakayewalea watoto wake.

Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilikuwa na doa hilo." Akanitazama kama mtu aliyeona maiti akiamka.

Basi leo nataka tuzungumze habari hiyo waziwazi, maana nadhani ya kuwa katika nyumba nyingi linamosomwa gazeti hili yuko mama aliyeambiwa neno kama hilo, naye amelifungia kifuani.

Doa jeupe ni nini?

Mlango wa kizazi ni ile shingo ya mji wa mimba, mahali apitapo mtoto akizaliwa. Ngozi yake imejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Viko virusi viitwavyo papiloma, ambavyo kwa kifupi huandikwa HPV, navyo huingia katika chembe hizo. Aina zake ni zaidi ya mia moja, na nyingi hazina madhara makubwa. Mara nyingi mwili wenyewe huvishinda katika mwaka mmoja au miwili, na mtu hajui hata kama aliwahi kuwa navyo. Lakini mara nyingine aina fulani hukaa, zikazigeuza chembe polepole. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliigundua aina ya 16 mwaka 1983, na aina ya 18 mwaka uliofuata. Na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Aina hizo mbili peke yake husababisha saratani za mlango wa kizazi kama saba katika kila kumi.

Sasa shikeni neno hili. Chembe zilizogeuka bado si saratani. Kwa kawaida hupita miaka 15 hata 20 kabla saratani haijatokea. Kwa mama ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, kama mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, muda huo huwa mfupi zaidi, miaka 5 hata 10. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25. Siki huzifanya chembe zilizogeuka zionekane nyeupe. Pengine doa hutokea kwa sababu nyingine isiyo ya hatari, na kazi ya kupambanua ni ya mwuguzi na daktari. Kwa hiyo aliyeonekana na doa ni kama mkulima aliyeyaona magugu yakiwa bado na majani mawili. Leo kazi ni ndogo. Akingoja yakomae, shamba limekwisha.

Matibabu nayo si ya kutisha. Wauguzi hutumia chombo chenye kichwa kidogo kinachopashwa moto, wakakigusisha penye doa kwa muda mfupi. Mahali pengine hutumia baridi kali badala ya moto. Doa likiwa kubwa au limeingia ndani, daktari hutia ganzi, akakata kipande chembamba kwa waya wa umeme. Mji wa mimba hauondolewi, na mama hurudi nyumbani siku ileile.

Jinsi nilivyojificha

Mimi nilionekana na doa mwaka 2023. Nimepita chuo cha ualimu, nikafundishwa habari za mwili na za usafi, hata nikaweza kuzichora ubaoni. Hayo yote hayakunisaidia. Niliogopa kama mtu asiyejua kusoma. Wenzangu wa kwaya niliwaambia nina malaria. Siku ya kwenda hospitali nilimwaga mume wangu, nikasema nakwenda mjini kununua karatasi za ofisi. Tena uongo una gharama, maana jioni ilinilazimu kweli ninunue karatasi.

Pale hospitalini nilikaa benchini karibu na mama mmoja wa kijiji nisichokijua. Alikuwa na kikapu kitupu, maana nyanya zake alikwisha kuziuza asubuhi. Akaiona mikono yangu inatetemeka. Akaniuliza, "Ni mara ya kwanza, dada?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mimi nilitibiwa mwaka jana. Leo nimekuja kutazamwa tu."

Akaniambia ya kuwa nitasikia maumivu chini ya tumbo kama ya siku za mwezi, kisha yatatulia. Akaniambia ya kuwa maji yatanitoka kwa majuma manne, pengine sita, nisishtuke, bali niandae vitambaa safi vingi kuliko ninavyodhani. Akaniambia tena, akicheka kidogo, ya kuwa kwa muda huo nisilale na mume wangu, mpaka kidonda kipone. "Kwa hiyo, dada, utake usitake, leo usiku utamwambia."

Mambo hayo yote nesi alikuwa amekwisha kunieleza asubuhi ileile, tena kwa upole. Lakini hofu ilikuwa imeniziba masikio. Yaliposemwa na mtu aliyepita njia hiyo, naye ameketi mbele yangu mzima, ananiuliza bei ya nauli ya kwetu, ndipo yaliponiingia. Sikumwuliza jina lake. Mpaka leo namkumbuka kila nionapo nyanya.

Swali lisilo na jibu

Yule mama wa juma lililopita hakuogopa chombo cha moto wala safari. Alimwogopa mumewe. "Karani, nesi alisema virusi hivi huenezwa kwa kukutana mume na mke. Baba watoto ataniuliza, umevitoa wapi? Nami sina jibu."

Akina baba, neno hili ni lenu pia. Virusi hivi vimeenea mno. Karibu watu wote waliowahi kukutana kimwili, wanaume kwa wanawake, huvipata wakati fulani wa maisha yao. Vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Hakuna kipimo kiwezacho kuonyesha viliingia mwaka gani, wala vilitoka kwa nani. Mume aweza kuwa ndiye aliyevileta kutoka ujana wake, naye hakuumwa hata siku moja. Basi anayeuliza "umevitoa wapi" anauliza swali lisilo na jibu, na kwa swali hilo aweza kuvunja nyumba yake bure. Aulize la maana zaidi, "Unatakiwa kurudi lini, na nauli ni kiasi gani?"

Mume wangu nilipomwambia alinyamaza jioni nzima. Nilidhani mambo yameharibika. Asubuhi nikamkuta ameandika kwa chaki nyuma ya mlango tarehe ya kurudi kutazamwa, mwaka mmoja mbele. Hakusema neno jingine. Siku ilipofika mwaka 2024 tulikwenda wote wawili, nami nikaambiwa doa halipo tena.

Namna ya kumpata mwenzi

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Walisema pia, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini kutojificha si kujitangaza sokoni. Mama mwenye doa hahitaji kijiji kizima. Ahitaji mtu mmoja, aliyepita njia hiyo, mwenye kinywa kinachofungika. Atampataje?

Mimi niliporudi kutazamwa nilimwambia nesi wetu, "Ukiona mama mwenye hofu, nakupa ruhusa umtume kwangu." Nesi hana haki ya kutaja jina la mgonjwa bila ruhusa yake, na ni vema iwe hivyo. Lakini wewe uliyepona waweza kumwachia neno kama hilo. Tangu hapo wamekuja akina mama watatu, mmoja mmoja. Kila mmoja nilimwuliza kwanza kama yu tayari kujulikana na wengine. Wawili walikubali, mmoja alikataa. Aliyekataa twaonana naye mimi na yeye tu, naye hatujamkosea kwa hilo, wala yeye hajatukosea.

Kazi ya mwenzi ni nini? Ni kukaa naye benchini. Ni kumwangalia mtoto wake mdogo siku ya safari. Ni kumchotea maji na kumbebea kuni siku za kwanza, ili asinyanyue mizigo mizito. Ni kukumbuka tarehe ya kurudi, maana wengi wakisikia nafuu husahau, na hapo ndipo hatari inapolala. Si kazi yake kutoa dawa. Asimpe mwenzake mitishamba ya kuingiza ndani, wala sabuni, wala kitu kingine. Ikiwa mama aliyetibiwa anapata homa, au maumivu makali chini ya tumbo, au usaha wenye harufu mbaya, au damu nyingi kuliko ya siku za mwezi, mwenzi asikae kushauriana naye. Amchukue wakimbie kwa mganga wa hospitali.

Tena liko kosa moja ambalo sisi watu wa jumuiya twalifanya kwa nia njema. Twasimama kwenye sala tukasema, "Tumwombee mama fulani, ana ugonjwa wa kizazi." Kabla ya kusema amina, habari imekwisha kuvuka mto. Mungu anamjua mama huyo bila sisi kutaja jina lake. Mwombee kimya, kisha kesho mpelekee kuni.

Kwa binti zetu

Wenye mabinti wasikie na hili. Iko chanjo ya kuzuia aina zile mbaya za virusi hivi. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ilianza kutoa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo haiondoi doa lililokwisha kutokea, ndiyo sababu hutolewa mapema. Hata binti aliyechanjwa, akifikia umri wa kupimwa, na apimwe.

Mwisho

Yule mama alikaa ofisini mpaka jua lilipoanza kuingia dirishani. Alilia kidogo, kisha akaniuliza maswali mengi, hata la vitambaa, nikamwambia idadi yangu, akashangaa. Nilitaka kumsaidia kuzungumza na mumewe, akasema, "Hapana, Karani. Nitamwambia mwenyewe. Lakini safari, twende wote."

Kesho yake akanitumia mtoto wake na ujumbe mfupi: amemwambia. Mume aliuliza lile swali, naye akamjibu kama nilivyomweleza. Mume akatoka nje, akakaa sana, kisha akarudi na fedha ya nauli.

Jumanne tunakwenda. Atakayekuja ofisini siku hiyo kutaka cheti ataukuta mlango umefungwa. Naomba anisamehe, arudi Jumatano.

Nanyi, akina mama mliopita njia hiyo mkanyamaza, mkumbukeni aliye nyuma yenu. Pengine yuko benchini sasa hivi, anakunja karatasi.

Ni mimi,
Karani wenu wa Parokia