Mgeni Hakuchora Ramani

Wapo wasemao kwamba Nachingwea na Ruangwa zimefukarishwa na wageni: jana kibarua, leo mfugaji, kesho mchimba madini. Kauli hiyo ni nyepesi mno, tena humwacha huru aliyechora ramani.

Waingereza walipouanzisha mradi wa karanga wa Tanganyika mwaka 1947, Nachingwea nayo ilitiwa humo. Misitu ikafyekwa kwa matingatinga, reli ikajengwa kuelekea baharini, vibarua wakamiminika kufuata ujira. Wamwera walioijua mvua na udongo wa kwao hawakuwa washauri wa mtu. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, umekwisha kumeza pauni milioni 36 hivi. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Je, hesabu ile aliipiga kibarua? Yeye alikuja na jembe, na jembe ndilo alilobaki nalo.

Tangu mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji bonde la Ihefu kwa hoja ya kuuokoa mto Ruaha, na wengi wakaelekezwa Lindi. Mkulima wa ufuta hakumwita mfugaji, wala mfugaji hakuomba kuja. Wamekutanishwa kwa amri, kisha wakaachiwa wagombane shambani.

Nachingwea iliyowahifadhi wapiganaji wa FRELIMO hadi Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975 haihitaji somo la ukarimu. Waulizwe wenye mipango, hasa hao wa kinywe cha Ruangwa: siku mtakapofunga, Mmwera atabaki na nini?