Mfuata Mvua ni Nani? Maoni kuhusu Mgeni katika Chozi la Heri



Kila ninapokaa kusahihisha majibu ya riwaya katika mitihani ya mwigo, hukutana na hoja moja iliyoandikwa na watahiniwa wa shule mbalimbali kana kwamba waliketi dawati moja: kwamba Mzee Kedi ni katili, msaliti na mnafiki. Ukatili naukubali. Usaliti pia. Ni hilo la unafiki ambalo nataka tulijadili, kwa sababu naona linawazuia wengi wenu kuuona ubaguzi ambao riwaya hii inauzungumzia.

Mnafiki ni mtu anayeonyesha asichokihisi. Ukisema Kedi alikuwa mnafiki, unasema kwamba miaka yote ya ujirani wake na Ridhaa ilikuwa maigizo: salamu za asubuhi, kusaidiana, kukaa pamoja, yote yalikuwa ya uongo. Ushahidi wa hayo uko wapi? Mimi sioni wa kutosha. Ninachokiona kinatisha zaidi. Naona mtu aliyekuwa jirani mwema kwelikweli, na ambaye siku moja alishiriki kuiteketeza familia ya jirani huyo. Wema ule ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na masharti, na masharti yenyewe hayakuwahi kutajwa hadi siku ya uchaguzi.

Ili uyaone masharti hayo, rudi nyuma hadi Ridhaa akiwa mtoto. Familia yake imehamia Msitu wa Heri kwa sababu ardhi ya nyumbani haikutosha jamaa yote ya Mwimo Msubili. Anakwenda shule mpya. Huko anaitwa mfuata mvua, na anakimbilia kwa mama yake akilia. Watahiniwa wengi hulitaja tukio hili kwa mstari mmoja, chini ya maudhui ya ukabila, kisha wakaenda mbio kwenye moto. Nawasihi mkae hapo kidogo.

Nani aliyewafundisha watoto wale neno hilo? Mtoto wa shule ya msingi hajui mipaka ya ardhi, hajui hatimiliki, hajawahi kupiga kura. Neno hilo amelitoa nyumbani, mezani, jioni wazazi wakizungumza. Maana yake wazazi wale waliokuwa wakimsalimu baba yake Ridhaa njiani walikuwa na jina jingine la kumwita wakiwa ndani ya nyumba. Ridhaa alisoma, akawa daktari, akachangia maendeleo ya eneo lile. Jina halikufutika. Lililala tu, na uchaguzi ukaliamsha. Kwa hivyo ukiulizwa chanzo cha vita katika riwaya hii, usikimbilie siasa peke yake. Siasa ilipata kuni zilizokuwa zimekauka tangu Ridhaa akiwa darasani.

Mnaijua methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi walimu huifunza kama methali ya bidii: mgeni asikae bure. Nimeifunza hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi huwauliza wanafunzi wangu swali la ziada: mgeni akishapewa jembe, analima shamba la nani? Na akilima miaka hamsini, je, bado ni mgeni? Methali haijibu. Ridhaa alilishika jembe akalima kuliko wenyeji wengi, na bado siku ilipofika akaambiwa si kwao. (Ukiitumia methali hii katika jibu lako, itumie hivi, si kwa kuipachika mwanzoni kama pambo.)

Tusidhani kwamba mgeni lazima atoke mbali. Subira ameolewa katika familia, amezaa humo, na bado mama mkwe hamhesabu kuwa wa nyumba ile kwa sababu ya jamii alikozaliwa. Mwekevu Tendakazi ni mwenyeji, lakini anapoutafuta uongozi anakuwa mgeni kwa kuwa ni mwanamke. Katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, msomeni tena Sara wa "Mame Bakari". Ametendewa unyama, yeye ndiye aliyekosewa, lakini anajiona akifukuzwa nyumbani na shuleni kabla mtu yeyote hajatamka neno. Hapo ndipo utakapoona nguvu ya desturi za jamii. Hazihitaji askari wala kiboko, maana anayezivunja, au anayedhaniwa kuzivunja, hujihukumu mwenyewe. Anayeweza kuandika hoja hiyo kwa ufasaha ameielewa hadithi.

Sasa tutoke vitabuni. Wamakonde waliletwa Kenya kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Wengine wakajulikana kwa uchongaji wa vinyago. Walizaa watoto, watoto wakazaa wajukuu, na wajukuu hao hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Usiyekuwa nacho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Mnamo Oktoba 2016 walitoka Kwale wakatembea kuelekea Nairobi kumwona Rais. Vitambulisho vikatolewa, na leo wanatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Vizazi hivyo vyote vilikuwa na jembe mkononi. Wengi wenu mtatimiza miaka kumi na minane mwaka huu au ujao na mtaenda kuomba kitambulisho. Afisa atakuuliza baba yako ni nani na babu yako alitoka wapi. Wengi mtajibu mara moja na kusahau kwamba mliulizwa. Kuna mwenzenu atakayeulizwa swali hilo hilo mara tatu.

Nisiwalaumu wanakijiji wa Msitu wa Heri nikajiacha mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyofunza, msichana mmoja alihamia darasani kwangu akiwa kidato cha tatu. Wenzake walimwita Lodwar. Sikujua nani aliyeanza. Lilikuwa jina la utani, watu wakicheka, naye akicheka, na mimi nikalichukua. "Lodwar, soma aya inayofuata." "Lodwar, kusanya madaftari." Mihula miwili nzima. Siku moja aliniletea insha yake ofisini, akasimama mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nilizaliwa Kitale. Lodwar sijawahi kufika."

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi, na siku iliyofuata nikamwita kwa jina lake mbele ya darasa. Baadhi ya wanafunzi walicheka wakidhani nimekosea. Muhula huo huo ndio tuliokuwa tukisoma Chozi la Heri, na nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni, kwa mkono wangu, maudhui ya ubaguzi yakiwa na hoja kumi na mbili.

Basi ukikutana na swali la alama ishirini linalokutaka kujadili ubaguzi, ukabila au nafasi ya mgeni katika jamii ya riwaya, usinipe orodha ya waliobaguliwa. Hiyo orodha kila mtu anayo. Nionyeshe wanaobagua wakiwa katika hali yao ya kawaida: wanasema nini wakiwa wametulia, wanacheka nini, wanamwita nani jina gani, na jina hilo linafanya kazi gani baadaye kwenye ploti. Taja tukio, eleza, kisha lihusishe na lililotangulia. Hoja sita zilizoshikana namna hiyo zinasomeka vizuri kuliko kumi zilizotawanyika.

Na kabla ya kufungua ukurasa wa mazoezi, chukua daftari, rudi sura ya kwanza ya Chozi la Heri, uorodheshe kila neno ambalo watu humwitia Ridhaa au jamaa yake. Pembeni andika ni nani aliyelisema, na kama alilisema kwa hasira au kwa mzaha. Safu ya mzaha ndiyo nitakayoisoma kwanza.