Mbunge Naye ni Mwananchi

Ameandika mwandishi mmoja kwamba wananchi ni watu wasio na cheo, yaani watawaliwa, na kwamba ndiyo sababu hapa Dodoma twasikia kila siku "viongozi na wananchi" kana kwamba ni makabila mawili. Mazoea hayo yapo, wala hatuyakani. Lakini tangu lini kosa lililozoeleka likawa kamusi? Neno lajieleza lenyewe: mwana wa nchi, na mwana hakomi kuwa mwana kwa kupewa kiti Bungeni au ofisi Mtumba.

Hoja yake iliyo dhaifu kupita zote ni kudai kwamba "raia" ni neno lile lile, ila limetakaswa. Laiti angaliuliza lilikotoka! Asili yake katika Kiarabu ni kundi lichungwalo, na shina hilo hilo ndilo lililozaa jina la mchungaji. Naye Mgogo wa Chamwino, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, hahitaji kufafanuliwa tofauti iliyopo baina ya mwenye fimbo na mwenye kuswagwa. Ni kweli kwamba sheria imelitwaa raia likawa jina la hadhi, na kwa uraia wake mtu hupiga kura atimizapo miaka 18. Walakini Katiba ya 1977, ilipotaka kutaja msingi wa mamlaka yote, katika Ibara ya 8 iliwataja wananchi. Ikiwa hao ni watawaliwa tu, mamlaka hayo yametoka kwa nani?

Basi kiongozi asimamaye jukwaani akaanza na "ninyi wananchi", na aseme "sisi".