MTU MMOJA NA MAJINA MATANO



Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hawakutufundisha la kufanya na mtu mwenye kidole kimoja anayehesabiwa kwamba anavyo vitano. Jambo hilo limetufikia sasa hapa Uganda, nasi tunaona yafaa tulizungumze hadharani kabla halijatuvunjia chama.

Mwaka jana tawi letu moja la mashamba ya chai liliamua kupiga kura kwa simu. Shauri lilikuwa kubwa: je, tuipokee nyongeza ya malipo ya kilo aliyoitoa mwajiri, au tuikatae na kurudi mezani? Kura ya simu ilionekana njia nzuri, maana wenzetu wa zamu ya usiku kiwandani na wale wa kambi za mbali hawawahi kufika mkutanoni. Kila mwenye namba ya simu alijiandikisha, akafungua akaunti, akapiga kura. Tawi lina wanachama 143. Kura zilizohesabiwa zilikuwa 188. Waliokubali nyongeza ile ndogo walipata 104, waliokataa 84.

Kura 45 za ziada hazikudondoka kutoka mbinguni. Tulipochunguza tulimkuta mtu mmoja mwenye laini tano na akaunti tano, mwingine mwenye laini tatu, na wengine waliofungua akaunti kwa jina la shemeji au jirani asiyefanya kazi shambani. Walikuwamo wa upande wa kukubali na wa upande wa kukataa. Kila tuliyemwuliza alijibu hivi: "Nilijua wale wanafanya, nami nikafanya."

Matokeo tuliyafuta, tukapiga kura upya kwa karatasi. Lakini wiki tatu zilikuwa zimepotea, na mwajiri alitucheka mezani: "Chama kisichojua idadi ya watu wake kinamsemea nani?" Swali hilo lilituuma, kwa sababu hatukuwa na jibu.

Ndugu zetu, mfanyakazi hana mtaji wala shamba. Nguvu yake ni idadi. Mtu anayepiga kura tano amewaziba midomo wenzake wanne, hata kama anadhani anawatetea. Huo si ujanja, ni wizi. Sisi ndio tunaopiga kelele mnyapara anapoandika kwenye daftari la kazi majina ya watu wasiokuwapo ili ale malipo yao. Jirani zetu wa Tanzania mwaka 2016 walitangaza kwamba wamekuta wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 katika malipo ya serikali, na wengi wetu tulishangilia kusikia wameondolewa. Basi tutamkemeaje mnyapara huku sisi wenyewe tunafuga wanachama hewa?

Sasa wako wanaosema dawa ni rahisi: iachieni mashine. Simu moja akaunti moja, ya pili ifungwe. Sisi tunasema tusikimbie hivyo. Katika kambi zetu simu moja huhudumia mume na mke, na mara nyingine chumba kizima, kila mtu akiingiza laini yake kwa zamu. Ukifunga simu, umemfunga na mwenzetu mwaminifu asiye na uwezo wa kununua yake. Wengine wanasema tuzuie akaunti nyingi zinazotoka kwenye anwani moja ya intaneti. Lakini kampuni za simu huweza kuzipitisha simu nyingi kwenye anwani moja, kwa hiyo ukizuia anwani hiyo huenda umeizuia kambi nzima.

Wengine wanasema tutegemee laini zenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 2017 laini hapa kwetu zimefungamanishwa na kitambulisho cha taifa. Ni kweli, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na laini zaidi ya moja, na wako wenzetu wanaotumia laini iliyoandikishwa kwa jina la ndugu. Wengine tena wanataka alama za vidole. Hao watazame kwanza mikono ya mkata miwa wa miaka ishirini, au ya mama aliyechuma chai tangu ujana wake. Vidole vimesuguliwa na kazi mpaka mashine haivisomi. Tutamwambia mama huyo kwamba hana kura kwa sababu kazi imemla vidole?

Lipo pia shauri baya kuliko yote, kwamba tumwombe mwajiri atumie orodha yake na mashine yake atuhakikishie nani ni nani. Tukumbuke habari ya kipande kule Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kibati, na wengi walikining'iniza shingoni. Shabaha mojawapo ilikuwa kumzuia mfanyakazi aliyemkimbia mlowezi mmoja asiandikwe kwa mlowezi mwingine kwa jina jingine. Harry Thuku na wenzake waliupinga utaratibu huo mwaka 1921, na Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi.

Fundisho ni hili. Kumjua kila mtu kwa jina moja ni jambo jema likiwa mikononi mwa wenyewe. Likiwa mikononi mwa bwana, ni mnyororo. Kwa hiyo daftari la wanachama liwe letu na lilindwe na sisi.

Tunapendekeza mambo haya kwa matawi yote:

Kwanza, kura ifuate namba ya uanachama, isifuate namba ya simu. Akaunti ifunguliwe tawini, uso kwa uso, mbele ya mjumbe wa kikundi na wenzake wawili wanaomfahamu mtu huyo kazini. Mashine huweza kudanganywa, lakini mtu unayechuma naye mstari mmoja kila asubuhi hawezi kukudanganya kwamba yeye ni watu watano.

Pili, kila namba ya uanachama ipewe alama ya siri ya kutumika mara moja tu. Asiye na simu apige kwa karatasi, na namba yake ikatwe kwenye daftari lile lile, ili aliyepiga kwa simu asirudi kwa karatasi. Karatasi isiachwe kabisa. Sote tunakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilipofungwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Tatu, daftari lisomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya kura, na mwenye pingamizi aseme. Baada ya kura itangazwe idadi ya waliopiga. Nani kapiga upande gani isijulikane kamwe, hata kwa katibu.

Nne, aliyekamatwa na majina mawili ajibu mbele ya mkutano wa tawi na apoteze haki ya kura inayofuata. Lakini asipelekwe kwa mwajiri. Kosa la nyumbani humalizwa nyumbani.

Tena tusiwatazame wenye majina matano tu. Wako na wasio na jina hata moja. Mama anayechuma tangu alfajiri, kilo zake zikaandikwa kwenye namba ya mumewe, hayumo katika daftari lolote. Hana kura. Hana akiba ya NSSF, ambako mwajiri hutoa asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Watu wawili kwa namba moja ni uongo ule ule wa mtu mmoja kwa namba tano, ila huu umemwangukia aliye mnyonge zaidi. Safari hii tunapolisafisha daftari, tuwaondoe hewa na tuwaingize walio hai.

Tutaambiwa kwamba daftari letu likisafishwa tutaonekana wachache. Na tuonekane! Watu 143 wa kweli wakikataa kuingia shambani, chai inabaki mtini. Wale 45 wa hewa hawajawahi kuchuma hata jani moja, na wakigoma mwajiri hatajua kwamba wamegoma.

Mtu mmoja, jina moja, kura moja. Umoja ni nguvu, lakini ni umoja wa watu walio hai.