Matembezi na Mtoto Aliyeacha Mbeleko

Akina mama wenzetu, kuna umri ambao mtoto hututaabisha njiani kuliko umri mwingine wowote, nao ni miaka 3 hadi 5. Mgongoni hataki tena, kwa sababu dada yake anatembea na yeye anataka kutembea. Ifikapo saa sita mchana miguu imekwisha, anaketi katikati ya njia na kulia. Ukimbeba, ni mzito kama gunia la muhogo. Hata hivyo likizo ikifika, sisi wa Horohoro tunatamani watoto wetu waone kitu zaidi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Lungalunga.

Wengi wetu huchagua Mapango ya Amboni, kwa kuwa yako upande wa njia yetu, kiasi cha kilometa 8 kabla ya Tanga mjini. Ukishuka barabara kuu bado kuna kipande cha kuingia ndani, na hapo ndipo siku nyingi huharibika. Mama anaona ni karibu, anataka kuokoa nauli, anawatembeza watoto juani. Wanafika mlangoni wamekwisha choka kabla ya kuona hata popo mmoja. Tuchukue bajaji. Kama fedha ni ya kubana, ibanwe kwenye soda.

Ndani ya pango kuna giza, na mahali pengine mtu mzima huinama ili apite. Mtoto wa mgongoni anaweza kugonga kichwa, hivyo hata mdogo atembee, tena kwa viatu vilivyofungwa, siyo kandambili. Mama mwenye watoto watatu ana mikono miwili tu. Basi tupatane na mwenzetu mapema, kila mtoto ajue ameshika mkono wa nani. Na baba akiweza kuja, aje. Naye ana mikono miwili.

Kaka zao wakubwa hupenda kuwatisha wadogo kwa ile hadithi ya mbwa anayesemekana aliingia humo akatokea karibu na Kilimanjaro. Mtoto akiikumbuka gizani, hasogei tena. Aambiwe kabla ya safari kwamba wataalamu walioyapima mapango hayo mwaka 1994 walikuta lililo refu kuliko yote halizidi mita 900.

Popo hutoka kwa wingi jioni, nao ni wa kutazamwa kweli. Lakini asubuhi pangoni, mchana kuogelea Raskazone, kisha jioni popo, hiyo ni ratiba ya watu wazima. Tuchague kimoja. Kama ni popo, watoto walale kwanza mchana na tuondoke nyumbani baadaye, tukiwa na hakika ya usafiri wa kurudi usiku. Mbeleko iwekwe kapuni hata kama asubuhi ameikataa. Saa tisa ataiomba mwenyewe.

Jambo moja lisisahauliwe. Mwulize mtoto wa miaka 4 jina la mama yake, wengi hujibu, "Mama." Akipotea katika umati, jibu hilo halimsaidii mtu. Tumfundishe majina yetu kamili wiki nzima kabla, na namba ya simu tuishonee ndani ya gauni au shati lake.

Wenye ndugu Mombasa huwapeleka watoto Haller Park, Bamburi, machimbo ya saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971. Hapo njia si za kuinama, ila kutoka Lungalunga hadi Mombasa tu ni kama kilometa 100. Kwa mtoto mdogo, kwenda na kurudi siku moja ni adhabu. Tulale kwa ndugu. Kuhusu hati za kuvukia, za watoto pia, tuulize uhamiaji siku kadhaa kabla, tusingoje asubuhi ya safari tukiwa na watoto watatu kwenye foleni.